Mafua ya Firdavs

Saratov, 2 Novemba 2003

Kwa Mama yetu mheshimiwa, Bibi Sanavbar, Istaravshan

Mama, shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Baba, na mifupa ya Baba iwe imeelewana na baridi ya mwaka huu. Wasalimie majirani wote wa kichochoro chetu, kuanzia nyumba ya mfua visu mpaka msikitini. Sitaji majina nisije nikamsahau mmoja akaninunia mpaka tukirudi. Msalimie pia ng'ombe, maana najua ndiye unayezungumza naye zaidi siku hizi.

Sisi huku tu wazima. Baba Firdavs na wenzake wamefika ghorofa ya saba kwenye lile jengo wanalojenga. Mimi nadeki ngazi za majengo matatu asubuhi, kisha narudi kwa Bi Klavdia, yule mzee wa Kirusi aliyetupangisha chumba kimoja kati ya viwili alivyo navyo. Miguu yake haimbebi tena. Namkanda na kumnunulia mkate, naye ananiangalizia mtoto nikiwa kazini. Ametuandikisha mimi na Firdavs serikalini kuwa tunaishi kwake. Alitaka kumwandikisha na Baba Firdavs, lakini yeye alishapata karatasi yake kwa wakala wa sokoni siku ile tulipofika, akasema inatosha.

Firdavs ametimiza miezi sita. Anakaa mwenyewe ukimwegemeza mto. Ana mafua kidogo tu, anapiga chafya kama paka, lakini ananyonya na kucheka, kwa hiyo usitie wasiwasi moyoni.

Barua hii nampa Mzee Nozim, mhudumu wa behewa la nne kwenye treni ya huko kwetu, pamoja na soksi za sufu za Baba.

Mkamwana wako mtiifu,
Mohira


Istaravshan, 18 Novemba 2003

Mohira, mkamwana wangu,

Salamu zimefika na soksi zimefika. Baba yako amezivaa, zinambana vidole, lakini anasema usiambiwe. Majirani nimewasalimia kama ulivyotaka. Mke wa mfua visu amezaa tena, msichana. Umeme tunapewa asubuhi kidogo na jioni kidogo, kwa hiyo nakuandikia mchana, kando ya dirisha. Matikiti ya kipupwe tumeshayaning'iniza darini.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Umeniandikia miguu ya bibi wa Kirusi mistari mitano, na mafua ya mjukuu wangu mstari mmoja. Kidogo tu, unasema. Mtoto wa miezi sita hana mafua kidogo. Ana mafua au hana.

Nilimuuliza Nozim unakula nini huko. Hakutaka kusema, nikamwekea chai ya pili, akasema. Alikukuta stesheni umesimama kwenye upepo, unakunywa mtindi wa chupa. Mtindi, mwezi wa kumi na moja, na unanyonyesha. Nilikufundisha nini miaka miwili uliyokaa jikoni kwangu? Mtindi ni baridi, samaki ni baridi, tango ni baridi, hata chai ya kijani ni baridi. Nyama ya kondoo ni moto, asali ni moto, jozi ni moto. Mwanamke akila baridi, maziwa yake yanakuwa baridi, na mtoto anayanyonya hivyo hivyo. Mafua hayo hayakutoka kwenye theluji ya Warusi, Mohira. Yametoka kifuani kwako.

Nimempa Nozim mafuta ya mkia wa kondoo, yamo kwenye kopo la chai. Yayeyushe, mpake mtoto kifuani, mgongoni na nyayoni, umfunge kitambaa cha sufu, na asiogeshwe siku tatu. Wewe mwenyewe pika uji wa unga uliokaangwa kwa mafuta hayo hayo, ule bakuli zima asubuhi, mtindi uuache.

Kwenye kifuko cheupe kuna hazorispand, mbegu za kufukiza, nimezichuma mwenyewe kule juu kwenye makaburi. Zitie kwenye kikaango kikavu juu ya moto. Mbegu zikianza kupasuka na moshi ukiwa mzito, mzungushie mtoto kichwani mara tatu, kisha pita na moshi kila pembe. Na mlango uufungue wazi. Watu wanasahau mlango, halafu jicho baya linazunguka ndani halina pa kutokea.

Mama yako,
Sanavbar


Saratov, 7 Desemba 2003

Mama, shikamoo. Tumefurahi kusikia mmebaki wazima. Mpe hongera mke wa mfua visu.

Mtindi nilikunywa, sikatai. Nilikuwa nimetoka kudeki ghorofa tisa na sikuwa nimekula kitu tangu alfajiri. Mzee Nozim mwenyewe alikuwa anakula samaki mkavu, lakini hilo naona hakulitaja.

Firdavs nilimpeleka kliniki. Daktari ni mama mtu mzima, alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akasema ni mafua kama ya watoto wote wa jengo hili, kifua ni safi, niendelee kumnyonyesha na kumsafisha pua kwa maji ya chumvi. Nilimuuliza habari ya maziwa ya baridi. Akaniuliza kama nalala vya kutosha.

Mafuta ya mkia nilimpaka mara moja. Harufu ilishuka ngazi zote, na jirani wa ghorofa ya juu alikuja kugonga akauliza nani amekufa. Huyo ni mtu ambaye hugonga hata tukikaanga vitunguu. Bi Klavdia ndiye aliyeyapenda mafuta yako, anajipaka gotini. Kwa upande wake yeye ana dawa yake, jemu ya tunda jekundu dogo wanaloliita malina. Anaikoroga kwenye chai ya moto, unakunywa na kujifunika blanketi mpaka jasho likutoke. Mtoto hapewi, ni mdogo, lakini baba yake alipata mafua wiki iliyopita, akanywa siku mbili, akaamka mzima. Sasa kila akipiga chafya moja anataka malina.

Hazorispand sijazichoma, kwa sababu ya huyo jirani. Nisamehe. Nimezihifadhi vizuri kwenye unga.

Firdavs bado anachuruzika pua kidogo. Nakuambia kwa sababu sitaki kukuficha.

Mkamwana wako,
Mohira


Istaravshan, 23 Desemba 2003

Mohira,

Tu wazima. Baba yako anakohoa kama kawaida yake.

Wiki tano. Nimehesabu kutoka barua yako ya kwanza mpaka ya pili, wiki tano mjukuu wangu anachuruzika pua, na wewe umekaa na dawa kwenye unga kwa sababu jirani anagonga mlango. Kwetu jirani akigonga anakaribishwa, anazungushiwa moshi na yeye. Mafuta ya kondoo wangu anapaka Mrusi gotini. Mwanangu ananyweshwa jemu. Na mtoto anatiwa chumvi puani kama nyama ya kukausha.

Sitaki tena kubishana nawe kwa barua. Nimeongea na mwanangu Sadriddin kupitia Nozim, na Sadriddin amekubali. Tarehe kumi na nane Januari, Jumapili, Nozim atakuja na mkewe kwenye treni. Mkewe ni mwanamke mwenye akili, amelea sita. Utampa mtoto. Nimempa Nozim blanketi nene la kumfungia, lile la rangi ya komamanga. Hapa kuna nyumba yenye moto, maziwa ya ng'ombe anayekula majani makavu, na mimi. Nyinyi mtabaki huko mfanye kazi kwa utulivu, na kiangazi mtakuja kumwona.

Usilie. Wanawake wote wa kichochoro hiki wameacha watoto kwa mama wakwe zao na hakuna aliyekufa.

Mama yako,
Sanavbar


Saratov, 11 Januari 2004

Mama,

Blanketi limefika. Liko juu ya kabati, sijalifungua.

Nilimuuliza Sadriddin kama ni kweli. Aliangalia viatu vyake. Nikamuuliza mara ya pili, akasema, "Mama atamlea vizuri kuliko sisi." Nikamuuliza amejuaje, na yeye hakulelewa na mama yake. Akatoka nje bila kofia.

Ndiyo, naandika Sadriddin. Miaka mitatu sijataja jina lake, nilimwita "yule", na tangu Firdavs azaliwe Baba Firdavs, kwa heshima yako. Mtu anayempa mtu mwingine mtoto wangu bila kuniambia nitamwita kwa jina alilopewa.

Na yeye ndiye aliyenieleza mambo yenu, Mama, mwaka ule tulipooana, kwa hiyo usimlaumu mtu mwingine. Alinieleza kwamba bibi yake alimchukua kwako akiwa mchanga, kwa sababu ya mafua. Kwamba alilala upande wa bibi, akala na bibi, na bibi ndiye aliyekuwa "mama". Na wewe, kwa kuwa ba' wakubwa na ba' wadogo wote ua mzima walikuita "shemeji", na yeye akakuita shemeji. Mama yake mzazi. Alikuwa anakuja mlangoni kwako na kusema, shemeji, bibi anaomba chumvi. Alinisimulia akicheka. Mimi sikucheka wakati ule na sicheki sasa.

Unajua ladha yake, halafu unanipikia chungu hicho hicho. Hilo ndilo linalonichoma zaidi kuliko blanketi. Kama ungekuwa hujui ningesema ni ushamba, ningekusamehe.

Lakini hamtaniambia tena kwamba sikutibu mtoto. Ijumaa, Sadriddin akija kula mchana, atakuta nimefukiza. Nitafanya kama ulivyoandika, kikaango kikavu, mara tatu kichwani, kila pembe, na mlango wazi. Firdavs pua imekauka tangu Alhamisi, lakini nitafukiza. Baada ya hapo mtanieleza mnamchukua kwa ugonjwa gani.

Mohira


Istaravshan, 5 Februari 2004

Mohira,

Sadriddin amefika juzi. Ameingia uani na begi moja, hana hata zawadi ya baba yake. Anasema amekuja kupumzika na kutengeneza karatasi fulani. Nimemuuliza mke yuko wapi, mtoto yuko wapi, anasema watakuja. Lini, hasemi. Ameketi karibu na jiko siku nzima na anapiga chafya.

Mke wa Nozim amerudi mikono mitupu na blanketi langu. Anasema ulimpokea stesheni kwa adabu, ukampa mkate, ukamrudishia blanketi limekunjwa, na mtoto ulikuwa umemfunga mgongoni kwa shuka mbili na kamba. Kamba, Mohira. Kama mzigo wa kuni.

Barua yako ilikuwa karatasi mbili. Ya kwanza nimeisoma. Humo umemtaja mumeo kwa jina kama unayeita ng'ombe atoke shambani. Ya pili sikuisoma. Umeme ulikatika nilipoifikia, na ulipowaka nilikuwa nimeshaitia jikoni kwa bahati mbaya pamoja na vijiti. Kwa hiyo sijui umeandika nini kuhusu shemeji.

Mume yuko kwake, na mahali pa mke ni alipo mume. Hilo halihitaji barua. Panda treni ya mwisho wa mwezi huu uje na mtoto. Watu wameanza kuniuliza, na mimi nimechoka kusema barabara ina theluji wakati treni inapita kila wiki mbele ya macho yao.

Sanavbar


Saratov, 20 Februari 2004

Mama,

Naona Sadriddin hajakueleza, basi nitakueleza mimi.

Ijumaa ile, tarehe kumi na sita, nilifanya kama ulivyoniagiza. Niliweka kikaango motoni, mbegu zikapasuka, moshi ukaja mzito kama unavyoupenda. Nilimzungushia Firdavs kichwani mara tatu. Bi Klavdia kutoka kwenye kiti chake akauliza ni dawa ya nini, nikamwambia, akasema basi na mimi, nikamzungushia na yeye. Nikapita kila pembe. Kisha nikafungua mlango wazi, jicho baya lipate njia.

Jicho baya sijui. Moshi uliipata njia. Ulipanda ngazi zote mpaka juu, na yule jirani akapiga simu, akasema watu wa mashariki wanachoma kitu, ama nyumba inaungua ama wanavuta bangi, waje wote. Wakaja wote. Watu wa zimamoto walikuja na mpira wao wa maji, wakaangalia kikaango, mmoja akacheka, wakaondoka. Polisi wawili wakabaki. Waliuliza kifuko kina nini, nikasema dawa ya mafua ya mtoto. Yule mdogo akanusa akapiga chafya. Wakachukua nusu kwenda kuipima. Wakaomba karatasi zangu, nikawapa, zikawa sawa. Za mtoto zikawa sawa. Walikuwa wameshafika mlangoni, Mama. Walikuwa wanaondoka.

Ndipo Sadriddin akapanda ngazi kuja kula.

Karatasi yake ya wakala ilikuwa na muhuri wa ofisi ambayo haipo. Mtu aliyetaka kupeleka mtoto wangu kwenu Jumapili alipelekwa yeye, wiki iliyofuata. Amepigwa marufuku kuingia Urusi miaka mitano. Hizo ndizo karatasi anazotengeneza huko karibu na jiko lako.

Nimekasirika mpaka sijui nianzie kwa nani. Kwako kwa mlango ulioniambia niufungue. Kwake kwa kuwa Bi Klavdia alimwomba amwandikishe, akakataa kwa kujiona. Na kwangu mimi, kwa sababu mtoto alikuwa ameshapona, na nilifukiza kukuonyesha wewe tu.

Unasema nije. Nikija, wiki haitaisha mtoto atakuwa analala upande wako, na mimi nitakuwa nafua nepi zake na kuitwa shemeji. Siji. Waambie watu theluji ni nyingi.

Mohira


Istaravshan, 9 Machi 2004

Mohira,

Baba yako mzima. Theluji imeyeyuka, kichochoro ni tope tupu. Nozim anaondoka leo mchana, kwa hiyo sina muda wa kupamba maneno.

Nilimsomea Sadriddin barua yako yote kwa sauti. Akageukia ukutani.

Mafua yake yameshuka kifuani. Nilimpaka mafuta, akayafuta kwa shuka mbele ya macho yangu. Nilimpikia uji, akaonja akaweka chini. Anataka malina. Mohira hunipa malina, ndiyo wimbo wake. Nimezunguka soko zima kuuliza malina, wananiuliza mama, hicho ni chakula au ni jina la mtu. Daktari wa kliniki alikuja, ametoa vidonge na kusema atapona. Vidonge anameza, nasimama juu yake mpaka ameze, usije ukadhani mimi sijui thamani ya daktari.

Ile karatasi yako ya pili niliisoma. Niliisoma mara nyingi kabla ya kuitia jikoni.

Ilikuwa mwezi wa pili. Sadriddin alikuwa na miezi saba na alikuwa na mafua. Mama mkwe akasema maziwa yangu ni ya baridi, kwa sababu nilikula kipande cha tikiti la darini. Kimoja. Akamfunga kwenye blanketi akaondoka naye kwenda upande wake wa ua. Mimi nilikuwa na unga mikononi na sikusema kitu. Kutoka mlango wangu hadi mlango wake ni hatua kumi na nne. Nilikuwa namsikia akilia na maziwa yananimwagikia kwenye nguo, na sikusema kitu. Shemeji, bibi anaomba chumvi. Ni kweli. Ilikuwa hivyo mpaka alipoanza shule, na hata baada ya hapo aliniita mama kama mtu anayesoma kitu ubaoni.

Jumamosi homa yake ilipanda. Nilikuwa nimekaa naye, kitambaa cha maji mkononi, akaanza kuita. Hakuniita mimi. Alimwita bibi yake. Miaka kumi na miwili yule mama yuko kaburini na bado ndiye anayeitwa. Nami nilikuwa pale pale, nimeshika kitambaa.

Nimemkasirikia yule mama, Mungu anisamehe, miaka thelathini na moja, na sikuwahi kumwambia neno. Hasira yote nimekutumia wewe pamoja na mafuta.

Mtoto simwombi tena. Nitumie hiyo malina, na uandike namna ya kuitumia, maana huyu hawezi kueleza kitu.

Sanavbar


Saratov, 26 Machi 2004

Mama, shikamoo.

Heri ya mwaka mpya wetu wa Navruz kwako na kwa Baba na kwa kichochoro kizima. Mimi na Bi Klavdia tuliotesha ngano ya sikukuu kwenye sahani. Paka wake akaila.

Hasira yako nimeipokea, na sasa nimejua ilikuwa ya nani. Yangu bado ninayo. Usidhani barua moja imeimaliza. Mlipanga siku, mkapanga treni, mkapanga mpaka rangi ya blanketi, na siku zile mimi nilikuwa nadeki ngazi na mtoto mgongoni kwa sababu sikumwamini hata mwenye nyumba. Hilo sitalisahau mwaka huu. Mwakani tutaona.

Mzee Nozim ana makopo mawili ya malina. Koroga vijiko viwili kwenye bakuli la chai ya moto, isiwe inachemka, anywe yote, ajifunike mpaka kichwani na asiinuke mpaka shati lilowe. Akibisha mwambie mimi nimesema. Akipona aache kukaa jikoni kwako, atafute kazi. Mfua visu siku zote analia hana msaidizi.

Bi Klavdia anakusalimu. Goti limepona, anaomba kopo jingine la mafuta.

Ndani ya soksi mpya za Baba utakuta nusu ya hazorispand ambayo polisi hawakuichukua. Mfukizie mwanao. Huko hakuna wa kukupigia simu. Ukimaliza kwake, jizungushie na wewe kichwani mara tatu, maana sidhani kama kuna mtu aliyewahi kukufanyia.

Kazi yangu ya ngazi inaisha Oktoba. Nitakuja na Firdavs nikiwa mama yake, na chumba chetu kiwe na mlango na ufunguo, na ufunguo nikae nao mimi. Kama Oktoba ni mbali, njoo wewe, behewa la nne unalijua.

Firdavs ameanza kusema. Ana neno moja tu, "mama", na analisema kwangu, kwa ukuta na kwa paka. Juzi nilimwonyesha picha yako, ile ya harusini kwetu ambayo umenuna. Akaitazama sana, akaweka kidole usoni kwako, akasema mama. Nikamwambia hapana. Mama ni mimi. Huyo ni mama wa baba yako.

Mkamwana wako,
Mohira